Tulirudi Bukoba Kumzika Mwenzetu

Kutoka Mwanza kwenda Bukoba zipo njia mbili ambazo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuzimudu. Ya kwanza ni ya nchi kavu. Unapanda basi asubuhi, unafika Kigongo, unavuka maji hadi Busisi, kisha unapita Sengerema, Geita, Biharamulo na Muleba, na jioni unashuka Bukoba ukiwa na vumbi kichwani na miguu imevimba. Ya pili ni ya majini. Unapanda meli usiku katika bandari ya Mwanza, unalala, na kunapopambazuka mji wa Bukoba uko mbele yako.

Mwezi Desemba mwaka 2022 sisi wanne tulichukua njia ya maji. Mwenzetu wa tano alikataa katakata, akapanda basi peke yake. Hatukumshawishi, maana sababu zake tulizijua.

Msomaji mpenzi, labda tuanze kwa kujitambulisha. Sisi ni akina mama watano ambao mwaka 1977 tuliingia kidato cha kwanza katika shule moja ya bweni ya wasichana huko Bukoba. Mmoja wetu alitoka Dar es Salaam, mmoja Musoma, mmoja Shinyanga, na wawili Mwanza. Wakati ule serikali ilimpangia mtoto shule popote nchini, hivyo binti wa miaka kumi na minne alipewa waranti ya kusafiria, sanduku la bati na blanketi, akaambiwa na mzazi wake, "Nenda ukasome, tutaonana Juni." Leo kumpeleka mtoto wa umri ule stendi ya pili tu tunaona ni hatari!

Tulipoingia pale, mkoa ule uliitwa Ziwa Magharibi. Tulipotoka mwaka 1980 ulikuwa ukiitwa Kagera. Katikati ya majina hayo mawili ilipita vita, nayo tutaieleza kidogo huko mbele.

Baada ya kidato cha nne kila mmoja alikwenda kwake: ualimu, unesi, benki, ndoa. Wawili wa Mwanza waliendelea kuonana. Wengine tulijuana kwa kusikia tu. Ndipo siku moja ya Desemba simu ya mwenzetu wa Shinyanga ikaita, na sauti ya msichana asiyemfahamu ikasema, "Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu. Mimi nakupigia kutoka Bukoba, nimekuta jina lako kwenye daftari la mama."

Mama huyo alikuwa mwenzetu wa bweni, mwenyeji wa Bukoba, aliyefundisha shule ya msingi hadi alipostaafu mwaka uleule. Alikuwa amefariki usiku wa kuamkia siku hiyo kwa ugonjwa wa sukari. Katika daftari lake la zamani aliandika majina yetu kama tulivyoitwa shuleni, majina ya baba zetu, na mbele yake namba za simu. Nyingi zilikuwa za simu za mezani ambazo siku hizi haziiti popote. Binti alipiga moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa daftari, na ile ya Shinyanga ndiyo iliyopokelewa. Kabla ya jioni tulikuwa tumetafutana wote watano, na safari ikapangwa.

MELI YA UJANA WETU

Meli tuliyopanda tuliijua. Ni MV Victoria, ileile iliyotupeleka shuleni. Iliundwa Uskoti, ikaletwa vipande vipande hadi Kisumu na kuunganishwa huko, ikaanza kazi mwaka 1961. Enzi za Jumuiya ya zamani ilizunguka ziwa lote, Kisumu, Port Bell, Bukoba, Mwanza na Musoma. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, mwaka wetu wa kwanza wa sekondari, meli ikabaki kwetu. Iliposimama mwaka 2014 kwa ubovu, wengi walidhani ndiyo mwisho wake. Lakini ilikarabatiwa, na mwaka 2020 ikarudi majini na jina refu zaidi, New Victoria Hapa Kazi Tu. Watu bado wanaiita Victoria.

Wachukuzi wa bandarini walikuwa na kelele zilezile za zamani. Tofauti tuliyoiona haraka ni kwamba sasa kila abiria anaandikwa jina na tiketi zake hukaguliwa zaidi ya mara moja kabla ya kukanyaga ngazi. Mwenzetu wa Dar es Salaam alianza kulalamika kwamba wanachelewesha watu. Mwenzetu wa Musoma alimkata jicho tu, akanyamaza. Naam, kuna sababu ya kuandikwa majina.

Zamani wanafunzi tulipewa daraja la tatu, chini, pamoja na mikungu ya ndizi, magunia ya kahawa na akina mama wenye watoto wachanga. Hatukulala. Tuliimba hadi taa za Mwanza zikapotea, halafu tukala viazi vya kuchemsha tulivyofungiwa na mama zetu, halafu anayetapika alitapika. Safari hii tulichukua chumba chenye vitanda, lakini saa tano usiku wote wanne tulikuwa tumetoka nje tumesimama kwenye sitaha tumejifunga vitenge mabegani. Upepo wa ziwani usiku ni mkali kuliko watu wa bara wanavyodhani. Atakayesafiri asiache sweta.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 69,000, na kwa eneo ni la pili duniani kati ya maziwa ya maji baridi. Takwimu hizi tulizikariri katika jiografia na kuzijibia mtihani. Usiku ule maana yake ilikuwa nyingine. Huoni ng'ambo, huoni nyuma ulikotoka, unaona taa chache za wavuvi wa dagaa zikiwa mbali kama mji ambao hauukaribii. Kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno. Tulijua kwamba kila mmoja anamfikiria mtu yuleyule, na si huyu tuliyekuwa tunakwenda kumzika.

MEI 1996

Katika bweni letu walikuwepo marafiki wawili ambao huwezi kumtaja mmoja bila mwingine. Mmoja ndiye huyu mwalimu marehemu wetu. Mwingine alikuwa binti wa Mwanza, mwembamba, mwenye sauti nzito kama ya mtu mzima. Huyo alikuwa na kipaji cha ajabu: alijua rejista yote ya darasa kwa kichwa, majina thelathini na nane, kwa mpangilio, bila kukosea hata moja.

Kipaji hicho tulikicheka mpaka Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia nchi yetu na kuikalia sehemu ya kaskazini ya mto Kagera. Watu wa huko walikimbia kuelekea kusini na vitanda vyao vichwani. Bukoba yenyewe ilishambuliwa kwa ndege. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba tutampiga Amin, na kesho yake daraja la Kyaka likavunjwa. Sisi watoto wa shule tulichimba mahandaki nyuma ya bwalo kwa majembe ya shamba, na usiku haikuruhusiwa kuwasha hata kibatari.

Katika giza lile matroni alitaka kujua kama watoto wote wapo, na kiranja hakuweza kusoma rejista. Basi yule mwenzetu alitembea kati ya vitanda akitaja majina kwa sauti ya chini, na kila aliyetajwa alijibu kwa kugonga chuma cha kitanda mara moja. Thelathini na saba zikigongwa, yeye mwenyewe aligonga ya mwisho. Hapo ndipo tuliweza kulala. Tumekwisha kuwa bibi sasa, tumepita mengi, lakini kama kuna kitu kilichotufunga sisi pamoja ni zile usiku za kugonga vitanda.

Mwezi Mei mwaka 1996 alikuja Bukoba kumtembelea rafiki yake mwalimu akiwa na binti yake mdogo wa miaka minne. Siku ya kurudi mtoto akashikwa na homa. Mwalimu akamwambia, "Niachie mtoto apone, wiki ijayo nitamleta mwenyewe." Akamsindikiza rafiki yake bandarini, wakaagana, naye akapanda MV Bukoba.

Meli ile wasomaji wengi mnaikumbuka. Iliruhusiwa kubeba abiria 430. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, ikiwa na watu wengi mno kupita kiasi hicho. Kwa muda ilielea ikiwa imepinduka chini juu, na waliokuwa nje walisikia watu wakigonga kutoka ndani. Tundu lilipokatwa ili kuwaokoa, hewa ikatoka na meli ikazama. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo nchi nzima, na wengi wa waliopatikana walizikwa pamoja katika makaburi ya Igoma, nje kidogo ya mji wa Mwanza.

Mwenzetu wa tano, yule aliyepanda basi, mwaka ule alikuwa nesi Mwanza. Siku nne mfululizo alisaidia kupokea miili, na siku zote nne alikuwa akimtafuta mtu mmoja. Tangu hapo hajapanda chombo cha majini isipokuwa kivuko cha Busisi, na hicho nacho, alituambia, alikipanda akiwa amefumba macho na ameshika kiti cha basi.

BUKOBA ASUBUHI

Meli hugusa kwanza Kemondo, ikashusha mizigo na abiria, kisha ikamalizia kipande kidogo hadi Bukoba. Kulikuwa kumekwisha pambazuka. Kwa mtu anayefika mara ya kwanza, Bukoba ni mji mdogo uliokaa kwenye ufuko, una vilima nyuma yake na kisiwa cha Musira mbele. Mji huu ulianzishwa mwaka 1890 na Emin Pasha wakati wa Wajerumani. Minara ya makanisa unaiona mapema. Huku ndiko alikotoka Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali, mwaka 1960, na ndiko alikokuwa Askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, mwaka 1977. Mwaka huohuo sisi tukiwa watoto wa kidato cha kwanza tulipanga mistari barabarani kumpungia mkono, tukijali zaidi kwamba siku hiyo hakuna vipindi.

Tulipita karibu na uwanja wa ndege, ambao unaanzia kwenye maji. Mwezi mmoja tu kabla yetu, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyokuwa inatua ilianguka ziwani hapohapo ikiwa na watu 43, na 19 kati yao walifariki. Wavuvi ndio waliofika wa kwanza kwa mitumbwi yao. Dereva wa teksi alitusimulia habari hiyo bila kuulizwa, na tulielewa kwamba kila mgeni aliyeshuka mjini mwezi ule alisimuliwa.

Msimu ulikuwa wa senene. Nani alisoma Bukoba asiwakumbuke senene? Usiku watu huwasha taa kali mbele ya mabati yaliyosimamishwa, nao panzi hao huja kwa maelfu, wakajigonga na kuteleza hadi kwenye mapipa. Asubuhi sokoni akina mama wamekaa wakichambua mbawa na miguu. Mwenzetu wa Dar es Salaam, ambaye mwaka 1977 alilia aliponusa senene wakikaangwa, alinunua mfuko mzima kabla hata hatujapata chai. Alisema ni wa kumpelekea mkwewe. Walifika kijijini nusu.

KIJIJINI

Nyumba ya marehemu iko nje ya mji, njia ya kwenda Mutukula, katikati ya kibanja. Kibanja cha Mhaya si shamba tu. Ni migomba iliyochanganywa na mibuni na maharage, imezunguka nyumba pande zote, imewekewa mbolea na nyasi kizazi baada ya kizazi, na ndani yake ndimo wenye nyumba huzikwa. Ukimuuliza mtu wa huko kwao ni wapi, atakuonyesha mahali walipolala babu zake. Kaburi la mwenzetu lilikuwa limechimbwa hatua chache kutoka jikoni kwake, kando ya la mumewe. Ukutani bado zilionekana nyufa zilizozibwa kwa saruji tangu tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililobomoa maelfu ya nyumba katika mkoa ule.

Mwenzetu nesi alikuwa amefika jioni iliyotangulia. Tulimkuta amekaa kwenye nyasi zilizotandazwa chini ya turubai, pamoja na akina mama wa kijiji, amejifunga khanga kiunoni kama mwenyeji. Tulikumbatiana tukalia, tukaachana, tukatazamana usoni, tukaanza kucheka, maana kila mmoja alikuwa akimtafuta msichana wa mwaka 1980 ndani ya bibi huyu. "Wewe ndiye uliyekuwa ukikimbia mchakamchaka mbele ya wote?" aliuliza wa Musoma. Nesi akajipapasa magoti, akasema, "Nilikuwa."

Binti aliyetupigia simu alikuja akapiga magoti mbele yetu. "Shikamooni mama zangu. Poleni na safari." Ana miaka thelathini, ni fundi cherehani mjini Bukoba, ana watoto wawili. Tulipoitikia salamu, mwenzetu wa Shinyanga alimshika kidevu akamwinua uso, akanyamaza. Sote tulikuwa tumekwisha kumtambua. Ile sauti nzito kama ya mtu mzima hatukuisikia kwa miaka ishirini na sita.

Ndiye yule mtoto wa homa. Mwalimu alimlea pamoja na wanawe watatu, kwani baba yake alikuwa amekwisha kufariki kabla ya ajali, na upande wa Mwanza alibaki bibi mzee asiyejiweza. Hakuwahi kumpeleka kokote. Alimpa elimu, akamwoza, akambembelezea wajukuu. Na msibani, huyu ndiye aliyekuwa akiulizwa kila kitu: funguo za ghala ziko wapi, nani hajala, mchungaji ataketi wapi.

Mazishi yalifanyika saa tisa alasiri baada ya ibada. Hatutayaeleza sana, kwa kuwa mazishi yetu Wakristo yanafanana, na kila msomaji amewahi kusimama mahali pale. Walimu aliofanya nao kazi walisema vizuri. Wanafunzi wake wa zamani walikuwa wengi kuliko nafasi iliyokuwepo, wakasimama ndani ya migomba.

Kilichotuweka macho kilikuja usiku. Baada ya chakula cha ndizi na maharage, mzee mmoja wa ukoo alipitisha kikapu kidogo chenye kahawa za kutafuna, kama wanavyomkaribisha mgeni huko, na watu wakaanza kusinzia mmoja mmoja. Binti akaja akaketi katikati yetu. Akasema mama mwalimu alimsimulia mengi juu ya mama mzazi, lakini kila mara alipofika habari za usichana wao alishindwa kuendelea, akaamka kutazama sufuria jikoni. "Sasa ninyi ndio mliobaki mnaomjua. Niambieni mama yangu alikuwaje."

Tuliongea mpaka jogoo wakawika. Tulimwambia juu ya rejista na kugonga vitanda. Tulimwambia mama yake hakupenda hesabu, alipenda sana maji ya moto, na mara moja aliadhibiwa kulima tuta zima la mihogo kwa kuficha kipande cha sabuni ya rafiki yake chini ya godoro ili kisiibwe. Miaka ile sabuni ilikuwa dhahabu. Tulibishana. Wa Musoma alisema alikuwa mrefu, wa Dar es Salaam akasema alikuwa wa kimo chetu, bali alitembea kama mrefu. Nesi akatoa mkobani picha ambayo hatukujua kwamba anayo, iliyopigwa studio mjini Bukoba mwaka 1980, wasichana sita wa bweni moja wamesimama mbele ya pazia lililochorwa minazi. (Kwa nini studio za Bukoba zilichora minazi na si migomba hatujui hadi leo.) Binti aliishika picha akaisogeza kwenye taa, na hakuhitaji kuonyeshwa.

Halafu akauliza lile ambalo tuliogopa kuulizwa. Alimgeukia nesi. "Mama, wanasema ulikuwepo Mwanza. Mama yangu yuko Igoma, au hayuko?"

Wengine wetu tulitaka kuingilia kati. Kuna faraja nyingi ambazo mtu angeweza kumpa yatima saa tisa ya usiku, na nyingine zilikuwa tayari midomoni mwetu. Nesi akatuzuia kwa mkono. Akasema taratibu, "Mwanangu, nilitazama siku nne. Sikumwona. Wengi waliozikwa Igoma walizikwa bila kutambuliwa, nami sikuweza kuona kila mmoja. Anaweza akawa pale. Anaweza akawa ziwani. Sijui, na sitakudanganya."

Binti alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Asante. Mama mwalimu alikuwa akiniambia tu kwamba yuko kwa Mungu. Hilo nalijua. Nilitaka nijue na haya ya duniani."

ORODHA

Kesho yake, tukisubiri kuanua matanga, tulifanya jambo ambalo hatukulipanga. Mwenzetu wa Shinyanga alichukua karatasi ya ratiba ya mazishi, akaigeuza upande usioandikwa, akaanza kuandika majina ya rejista ya darasa letu. Kati yetu watano tulifikisha thelathini na moja. Mengine saba yalikataa kabisa, ingawa nyuso tuliziona.

Mbele ya kila jina tukaweka alama kwa tuliyemjua kuwa amefariki. Hapo kazi ikawa nzito. Wasichana wa darasa lile walikuwa na miaka ishirini na kitu mwaka 1983, mwaka ambao wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa katika mkoa huuhuu wa Kagera. Ugonjwa ulikuwa bado hauna jina rasmi kwa watu wa kawaida. Waliuita Juliana, jina la nguo iliyovuma wakati ule, iliyokuja na biashara za kuvuka mpaka. Vibanja vingi vilibaki na bibi mmoja na wajukuu sita. Wenzetu wenyeji waliokuwa wazuri, waliotangulia kupata kazi na kuolewa vizuri, ndio tuliowawekea alama wengi. Wakati ule wengi walizikwa kwa minong'ono. Bibi mmoja jirani aliyekuwa akituchungulia alikuja akaketi, akawa anatuambia kaburi la fulani liko kibanja gani, na nani aliwalea wanawe. Hakunong'ona. Tulipomaliza tulikuwa na alama kumi na nne.

Siku ya tatu matanga yalianuliwa. Mchana wake tulikodi gari tukaenda hadi Kyaka kulitazama daraja na magofu ya kanisa lililoharibiwa katika vita, ambayo yameachwa vilevile kilimani. Tulikaa muda mfupi. Mto Kagera unapita chini, mpana na wa rangi ya udongo, na malori ya kwenda Uganda yanavuka juu yake kama hakujawahi kutokea kitu.

Shule yetu tuliipitia tukirudi. Ilikuwa likizo. Mlinzi alituruhusu kuingia tulipomweleza. Bweni letu halipo, limejengwa jipya, na vitanda ni vya mbao. Mahandaki yamefukiwa siku nyingi, na mahali pake pamepandwa mboga.

IGOMA

Tarehe 21 Mei 2023 iliangukia Jumapili. Tulikuwa tumeahidiana, na wanne kati yetu tuliweza kufika Mwanza. Wa Dar es Salaam alikuwa anamuuguza mumewe. Binti alikuja kutoka Bukoba na mwanawe mkubwa, mvulana wa miaka tisa. Alikuja kwa meli, usiku, kwa njia aliyopita mama yake. Tulipomuuliza kama aliogopa alijibu kwamba aliogopa hadi Kemondo, baada ya hapo mtoto akataka kwenda haja na woga ukaisha.

Baada ya ibada tulipanda daladala hadi Igoma. Familia nyingine zilikuwepo, wengine na maua, wengine na fagio tu la kusafishia. Makaburi yako katika safu, na kuna mnara wa kumbukumbu. Hatukujua tusimame wapi, kwa kuwa hatuna kaburi letu, hivyo tulisimama mwisho wa safu moja penye kivuli. Mwenzetu wa Musoma aliomba sala fupi. Kisha binti akaomba karatasi.

Kwa miezi mitano tulikuwa tumepigiana simu, mmoja akimkumbuka mmoja, na orodha ilikuwa imefika majina thelathini na tano. Matatu bado yanakosekana. Aliyasoma yote kwa mpangilio, kwa sauti ile ya mama yake, pamoja na jina la mama yake mahali pake, na la mama aliyemlea chini kidogo. Mvulana aliuliza hao ni akina nani. Bibi yake mmoja mpya akamwambia ni darasa. Mwanamke aliyekuwa akifagia safu ya jirani aliacha kufagia akasikiliza hadi mwisho, akauliza kama tunaruhusu ataje na wa kwake wawili. Tukamwambia ataje.

Kama yupo msomaji aliyesoma Bukoba kidato cha kwanza mwaka 1977, akakumbuka kugonga chuma cha kitanda gizani, atuandikie kwa anwani ya gazeti hili.

Jioni ile nesi alisema yeye ndiye atakayemsindikiza binti bandarini. Tulitazamana, hatukusema kitu. Alibeba begi la mtoto, akavuka lango ambalo hakulikaribia tangu mwaka 1996, akasimama kwenye foleni ya tiketi, akahakikisha majina yote mawili yameandikwa na herufi hazikukosewa. Meli ilipoondoka saa tatu usiku alikuwa bado amesimama ukingoni, na mvulana alikuwa akimpungia kwa tochi ya simu.